Ufunguo kwenye Pindo la Kanga

Nyumbani kwa Mwadini Vuai, Lozells, funguo zote hukaa kwa mke. Ndivyo ilivyokuwa tangu walipooana kule Wete, Pemba, na kuhamia Birmingham hakukubadilisha lolote. Bi Mwanakhamis anazo zote: ya mlango wa mbele, ya mlango wa nyuma, ya sanduku la pasipoti, ya kabati la vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Huzifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo gumu, na akitoka hujifunga kanga hiyo ndani ya koti la baridi. Usimwulize kwa nini. Mamake alifanya hivyo, na bibi yake vilevile, na nyumba zao hazikuibiwa hata kijiko.

Mwadini hajawahi kulalamika, maana ni mtu wa kupoteza vitu. Viatu vilishampotea msikitini mara tatu, na mara ya tatu alirudi na vya watu wengine, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Ajabu ni kwamba kazi yake ni kung'arisha pete na bangili kwenye karakana moja ya Hockley, mahali ambapo kipuli kikidondoka watu wazima hupiga magoti kuchungulia chini ya mashine, na kwa miaka yote aliyokaa pale hajapoteza hata kimoja. Kazini makini, nyumbani mtoto mdogo. Mkewe huyasema hayo mbele ya watu, naye Mwadini hucheka kwa sababu ni kweli.

Sasa, miongoni mwa funguo hizo za kwenye kanga kulikuwa na mbili ndogo ambazo hazikupaswa kuwa pale. Moja ilikuwa ya kabati la chuma lililokazwa ukutani chumbani kwao. Nyingine ilikuwa ya kisanduku cha risasi. Mwadini alikuwa na bunduki, na kabla hujamfikiria vibaya ngoja kwanza nikwambie aliipataje.

Ilianzia Longbridge, kiwanda cha magari kilipokuwa bado kiwanda. Mwadini alikuwa akifunga milango ya magari, na pembeni yake alisimama Madhu, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, mtu wa maneno mengi na sambusa nyingi zaidi. Kiwanda kilipofungwa, maelfu ya watu walirudi majumbani mwao wakiwa hawana pa kwenda Jumatatu. Mwadini alikaa kwenye kiti cha sebuleni miezi minne akitazama ukuta. Hakugombana na mtu, hakunung'unika, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha mkewe. Ndipo Madhu alipokuja kumvuta mkono.

"Shemeji, nipe huyu mtu saa mbili tu kila Alhamisi," alimwambia Mwanakhamis mlangoni. "Nitamrudisha mzima."

Alimpeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, ukumbi mwembamba nyuma ya karakana za Hockley, unaonuka mafuta na baruti. Bunduki za pale ni ndogo, wenyewe huziita tuu-tuu, yaani mbili-mbili, kwa kipimo cha mtutu wake. Risasi yake haizidi unene wa punje ya mbaazi, na teke lake begani ni kama kusukumwa na mtoto. Unalala kifudifudi, unajifunga mkanda mkononi, unavuta pumzi, unaitoa nusu, unangoja. Yadi ishirini na tano mbele yako kuna karatasi yenye miduara. Kati ya pigo moja la moyo na jingine, unavuta kidole. Siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, Mwadini alikaa saa nzima bila kuwaza kiwanda, na usiku akalala hadi alfajiri.

Mambo mema yakafuatana. Mwanachama mmoja wa klabu alikuwa na karakana, akaona mkono wa Mwadini ulivyotulia kwenye bunduki, akamwambia mkono wa namna hiyo unafaa kung'arisha vito. Hivyo alipata kazi, na kazi ile ndiyo iliyomsomesha mtoto wao Hafidh hadi chuo kikuu. Ukimwambia Mwadini kwamba bunduki ni chombo cha shari, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakwambia kwamba yeye ilimwokota sakafuni.

Baadaye polisi walimpa kibali cha kuwa na ya kwake. Sababu iliandikwa wazi: kulenga shabaha. Nchi hii haimpi mtu bunduki kwa kuogopa wezi, na ukilitaja neno hilo kwenye fomu umeshakosa. Mkaguzi wa kwanza, mzee mmoja mpole, alimpa sharti ambalo Mwadini aliliitikia kwa moyo safi: ufunguo ni wake peke yake, hata mke asijue unapokaa.

Wiki ya tatu akaupoteza. Siku nne waligeuza nyumba juu chini. Siku ya tano Mwanakhamis aliukuta ndani ya mfuko wa unga wa ngano alipokuwa akikanda chapati, na mpaka leo hakuna ajuaye ulifikaje humo. Aliupangusa, akauchukua na ule wa kisanduku, akazifunga kwenye pindo.

"Sheria inasema nikae nao mie," Mwadini alijaribu.

"Sheria haikujui, baba Hafidh," mkewe alijibu, akaendelea kukanda.

Basi ikawa hivyo. Alhamisi jioni humwomba ufunguo, akirudi humkabidhi. Na kila baada ya miaka mitano, siku mkaguzi anapokuja kuhuisha kibali, Mwadini huuomba asubuhi, akautia mfukoni, akautoa mbele ya mkaguzi kana kwamba umezaliwa humo. Alifanya hivyo mara mbili. Alijua ni udanganyifu, ila alijua pia kwamba bila hivyo bunduki itaondoka, na bunduki ikiondoka, yeye alijiona tena kwenye kile kiti cha sebuleni. Hofu hiyo haikumtoka miaka yote.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, wezi waliingia mtaani kwao. Waliingia mchana kweupe, watu wakiwa kazini, wakipitia kichochoro cha nyuma. Nyumba tatu zilivunjwa katika mwezi mmoja. Ya tatu ilikuwa ya Kowsar, Msomali aliyekulia Nairobi, jirani wa mlango wa pili, anayeishi na baba yake mzee. Walichukua dhahabu zake za harusi. Baba yake alikuwamo ndani wakati huo, amekaa kitandani, hakusikia kitu kwa sababu masikio yake yalishaondoka.

Mwanakhamis alianza kuweka kiti nyuma ya mlango. Mwadini naye alianza kuitazama bunduki yake kwa jicho jingine. Hakumwambia mtu, ila alipopanda ngazi alikuwa akihesabu: kutoka kichwani mwa ngazi hadi mlango wa jikoni, yadi nane. Mlango wenyewe una kioo cha ukungu, kinachoonyesha kivuli tu. Yadi nane, na yeye Alhamisi hupiga ishirini na tano.

Alimdokeza Madhu klabuni, kwa mzaha, kama mtu anayechovya kidole kuona maji yana joto gani.

Madhu hakucheka. "Sikiza, Mwadini. Kwanza, ukisema hilo mbele ya polisi, certificate inaenda na bunduki inaenda. Pili, watu wanadanganyana ati tuu-tuu ni ya watoto. Haimwangushi mtu papo hapo, lakini inamuua saa moja baadaye, na wewe umekaa naye hapo unamwangalia. Tatu, ukuta kati yako na jirani ni nini? Plasta tu. Ukikosa, umempiga nani?"

"Nilikuwa nikitania," Mwadini alisema.

"Usitanie hivyo," Madhu alisema, akarudi kulala kifudifudi na bunduki yake.

Fomu ya kuhuisha kibali ilikuwa imeshapelekwa, na mkaguzi alikuwa aje Jumanne. Jumamosi iliyotangulia, Mwanakhamis aliondoka asubuhi kwenda Small Heath kupika biriani ya harusi ya Safiya, binti wa shoga yake. Alivaa koti juu ya kanga, funguo zikiwa mahali pake. Mwadini alibaki kwa sababu ya kiuno, ambacho humshika kila akiinama sana kwenye mashine. Alijilaza juu chumbani, redio ikisema polepole.

Ilikuwa karibu na adhuhuri aliposikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Alikumbuka papo hapo kwamba ametoka kumwaga taka na hakurudisha kiti, wala komeo. Halafu akasikia hatua jikoni, nzito, za mtu mzima.

Hakukuwa na hodi. Hilo ndilo lililomtisha. Watu wao wote hupiga hodi, hata ndugu, hata Hafidh aliyezaliwa Birmingham na kujibu kila kitu kwa Kiingereza, hodi anaijua.

"Nani?" aliita. "Nani huyo?" Hatua ziliendelea, na droo ikafunguliwa, na sufuria ikagongwa.

Alitoka hadi kichwani mwa ngazi. Nyuma ya kioo cha ukungu palikuwa na kivuli kirefu, na mkononi mwa kivuli hicho palikuwa na kitu kirefu pia. Nondo, Mwadini alijiambia. Akarudi chumbani bila kiuno kumuuma kabisa, akaushika mkono wa kabati la chuma, akauvuta.

Kabati halikufunguka. Alilivuta mara ya pili kabla ya kukumbuka ufunguo uko wapi. Hapo alimlaani mkewe, na mimi nisingelisema hili kama mwenyewe asingelisema. Alilaani kanga, akalaani Wete na desturi zake zote. Simu ilikuwa mkononi na hakupiga polisi. Alimpigia Mwanakhamis. Alipiga mara saba, ili amuulize kama kuna ufunguo mwingine, naye Mwanakhamis alikuwa Small Heath kati ya masufuria na vigelegele, hasikii hata jina lake.

Kule chini kiti kiliburutwa. Mwadini aliangaza chumbani asione silaha yoyote isipokuwa mchi wa kinu ambao mkewe huuegemeza nyuma ya mlango. Akauchukua. Alishuka ngazi moja moja, mdomo ukisoma aya yoyote uliyoikumbuka, akasukuma mlango wa jikoni kwa mguu.

Mezani alikaa Mzee Gedi, baba yake Kowsar. Alikuwa amevaa sweta la Mwadini lililokuwa likining'inia mlangoni, na mkononi alikuwa na mwiko mrefu wa ugali. Mbele yake aliweka sufuria ya wali wa jana, amekula kidogo pembeni kwa adabu. Nyumba za mtaa ule zina uso mmoja, na kwa nyuma zinafanana zaidi, na mzee wa miaka themanini na tatu ambaye kumbukumbu zake zinamtoka moja baada ya nyingine alikuwa ameingia nyumbani kwake, kadiri alivyojua yeye. Zamani alikuwa dereva wa malori, Isiolo hadi Moyale. Alimtazama Mwadini na mchi wake bila woga.

"Umechelewa," alisema. "Lori limeshapakiwa."

Mwadini alitambua kwamba mzee amemdhania utingo wake. Alikaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye mashine ya kufulia, mchi mapajani, akalia. Mzee Gedi alimtazama, akasukuma sufuria kwa upande wake.

"Kula," alisema. "Njia ni ndefu."

Mwadini anajijua. Ameshajiuliza mara nyingi, lau kabati lingefunguka, kama angengoja, kama angeshuka, kama angeita mara ya tatu, na jibu huwa lile lile. Kivuli kilikuwa yadi nane na mkono wake hautikisiki. Angempiga kupitia kioo, katikati kabisa, na mzee angekaa pale na mwiko wake asijue kilichompata. Mungu si Athumani.

Kowsar alifika baada ya muda mfupi, buibui limekaa upande, ameshazunguka mitaa mitatu. "Nimemtafuta kila place, uncle," alisema, akamkumbatia baba yake. "Nilitoka tu kuchukua dawa. Mungu akubariki. Mtu mwingine angemfukuza, ama angempiga."

"Usinishukuru," Mwadini alisema.

"Nitakushukuru tu," Kowsar alisema, akambusu mkono kama baba yake mdogo. Mwadini hajawahi kubeba shukrani nzito kama ile.

Mwanakhamis aliona simu saba alipomaliza kupakua, akarudi kwa teksi na harufu ya zafarani. Mumewe alimsimulia yote, pamoja na laana. Hakuficha hata neno. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama, koti halijavuliwa. Mwisho alipeleka mkono kwenye pindo la kanga, akaligusa lile fundo tu, bila kulifungua.

"Asubuhi nilitaka kukuachia," alisema. "Nilisema labda atahitaji kuusafisha ule mtutu kabla ya Jumanne. Nikasahau."

"Alhamdulillah kwa kusahau kwako."

"Na kwa kupoteza kwako," mkewe alisema, na wote wawili walikumbuka unga wa ngano.

Mwadini alimwinamia akalibusu lile fundo. Mtu wa Pemba wa makamo yake habusu kanga ya mkewe jikoni mchana, ila alilibusu, na Mwanakhamis hakumtania.

Jumapili Madhu alipiga simu. Alisimuliwa yote. Kisha akampa shauri la rafiki: "Jumanne weka ufunguo mfukoni, kama siku zote. Hakuna aliyekufa. Usijikaange mwenyewe." Lilikuwa shauri la mapenzi, na Mwadini alimshukuru kwa hilo pia.

Mkaguzi wa safari hii alikuwa mwanamke kijana, Sunita, mwenye kompyuta ndogo na viatu alivyovivua mlangoni bila kuambiwa. Mwanakhamis alimpenda kwa hilo, akaleta vikombe vya kabatini. Ndiyo, vile vya wageni. Sunita alikunywa chai, akauliza maswali yake, akafika kwenye lile la mwisho. Alitaka kuona kabati likifunguliwa.

Mwadini alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Mficha uchi hazai, alijiambia. Akamgeukia mkewe mbele ya mgeni.

"Mama Hafidh, naomba ufunguo."

Mwanakhamis alimtazama usoni kwanza, kuhakikisha. Halafu alivuta pindo, akalifungua fundo kwa meno kama afanyavyo siku zote, akatoa funguo mbili ndogo. Sunita aliacha kuandika.

Mwadini alimweleza yote kwa Kiingereza chake cha kiwandani. Alimwambia kwamba ufunguo umekaa kwenye kanga miaka yote, na kwamba wakaguzi wawili waliopita aliwadanganya. Kisha akamweleza la Jumamosi. Alilitaja lile neno ambalo halitajwi, kwamba aliikimbilia bunduki kwa kuogopa mwizi. "Naomba muichukue," alisema. "Mimi siwezi tena kuwa nayo nyumba moja."

Sunita alimwambia kwa upole kwamba hana budi kuandika kila kitu. Alipomaliza kuandika alibaki akikitazama kikombe. "Babu yangu naye husahau," alisema. "Juzi tumemkuta bustanini kwa watu."

Bunduki iliondoka siku ile ile na polisi wawili waliosaini karatasi. Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa, kibali hakikuhuishwa. Kamati ya klabu ilikaa, ikauliza, ikajadili mbele yake na nyuma yake. Mwisho walisema aje kama zamani, apige kwa bunduki ya klabu, mwangalizi akiwa pembeni yake, nayo bunduki ibaki pale pale. Mwangalizi aliyejitolea ni Madhu, ambaye huongea wakati wote mtu anapolenga. Shabaha za Mwadini zimeharibika sana. Kile kiti cha sebuleni alichokiogopa miaka yote kipo, na hukikalia jioni kunywa chai, na hakijamfanya chochote.

Kabati la chuma bado liko ukutani, maana kuling'oa ni kubomoa nusu ya ukuta. Kowsar ameweka humo dhahabu alizonunuliwa upya na mumewe aliyeko Leicester. Ufunguo, bila shaka, uko kwenye pindo.

Na kila Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Mwadini hulitoa komeo la mlango wa nyuma. Kowsar anajua, na humtazama baba yake kutoka kichochoroni mpaka aingie. Mzee Gedi huingia bila hodi, huchukua mwiko kwenye msumari wake, hukaa mezani. Mwadini humpashia wali moto. Kila mara mzee humkazia macho kwa ukali wa dereva aliyengojeshwa.

"Umechelewa," husema.

"Nisamehe, mzee," Mwadini hujibu, na kila Jumamosi huwa anamaanisha.

"Basi panda, twende."

Mwadini huvuta kiti akakaa upande wake, wakala.